Shokapu Nyekundu na Mto wa Mayu Holo

Vijana wa karakana mliniomba niseme neno siku ya kuniaga. Nilikataa, kwa sababu nikisimama mbele za watu ninasahau hata jina la mke wangu, na mke wangu angekuwepo. Badala yake nimeandika. Anayetaka asome, na asiyetaka afungie vipuri, maana karatasi haijawahi kutupwa bure kwenye karakana yetu.

Vyeo sitavitaja. Cheo changu kikubwa kilikuwa kushika ufunguo wa mlango, nacho nilikipata kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa karibu. Mshahara nao tuuache ulale. Nitasema habari za shokapu za nyuma, kwa sababu ndizo zilizonifundisha kazi, na ndizo zilizofanya nichekwe kuanzia Bariadi mpaka Dutwa.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Fundi Patrisi, mtu wa Nyalikungu kule Maswa, aliyejifunzia ufundi kwenye gereji ya misheni. Alikuwa mfupi, msemaji wa maneno machache, na ovaroli yake ilikuwa safi kuliko shati langu la kanisani. Alinionyesha pikipiki ya bwana shamba akaniambia nitoe shokapu zake za nyuma. Mtu asiye fundi akisoma hapa ajue kwamba shokapu ni springi yenye bomba la mafuta katikati, moja kushoto na moja kulia, zinazoshikilia mwili wa pikipiki juu ya gurudumu. Springi inabeba uzito, na mafuta yanaizuia springi isirudi kwa fujo. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba ni mwepesi. Nikalegeza nati za kushoto, nikalegeza za kulia, nikazivuta zote mbili kwa pamoja. Pikipiki ikakaa chini kama ng'ombe aliyegoma kwenye plau, na mguu wangu ulikuwa huko huko chini.

Fundi Patrisi alimaliza chai yake kwanza. Ndipo akaja, akainyanyua pikipiki, akaniambia kwa upole kwamba unatoa moja, unafunga moja, ile nyingine iendelee kushikilia. Sijaisahau kanuni hiyo. Hata ningetaka kuisahau, mguu wangu hunikumbusha kila mvua inapokaribia.

Miaka ile hakukuwa na kuchagua shokapu, shokapu ndiyo iliyokuchagua. Ukiipata kwenye pikipiki iliyokufa unaifunga kwenye iliyo hai, ikiingia inaingia. Isipoingia unachonga bushi, ile pete ya mpira inayokaa kwenye tundu la bolti, kutoka kwenye tairi bovu la basi. Mafuta yakivuja tulitia ya trekta. Kuna padri mmoja tulimwekea kigogo cha mninga mahali pa shokapu ya kulia, akaendesha hivyo msimu mzima wa masika, na waumini wake walisema mahubiri yake yalikuwa mafupi kwa sababu hakuweza kusimama muda mrefu.

Hata hivyo Fundi Patrisi hakufunga kitu kabla ya kupima. Alikuwa na kijiti alichokikata mistari kwa kisu. Alikisimamisha wima kwenye ekseli ya nyuma, akatazama mstari gani unafika chini ya siti pikipiki ikiwa tupu. Halafu alimkalisha mwenye pikipiki na kupima tena. Ikishuka kama theluthi ya nafasi yake, springi inamfaa. Ikishuka zaidi, itagonga chini kwenye shimo. Isiposhuka kabisa, itamrusha. Na alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia mpaka nikauchoka: muulize mtu anabeba nini, halafu nenda ukaone anachobeba. Alipostaafu na kurudi Nyalikungu aliniachia kijiti kile. Mimi nilikitumia kukorogea rangi.

Ndipo ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua tulivyochanganyikiwa. Siku hizo Bariadi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na ghafla mabasi ya Mwanza yakaanza kuteremsha vipuri vipya kwenye maboksi yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Wanunuzi binafsi wa pamba nao wakaja, kila mmoja na pikipiki zake. Mimi niliyezoea kuchonga bushi kwa kisu sasa nilikuwa na rafu, na kwenye rafu nilikuwa na jozi mbili za shokapu za kipimo kimoja. Jozi moja ilikuwa ya kijivu, haina mvuto, ukiikandamiza inarudi taratibu kama mtu anayefikiri. Jozi ya pili ilikuwa na springi nyekundu, nene, zinang'aa. Nilizitundika mlangoni ili watu wazione. Nilikuwa nazifuta vumbi asubuhi na jioni, kazi ambayo mke wangu alisema sijawahi kuifanya nyumbani.

Msimu wa pamba ulikuwa umeanza alipokuja Masunga. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia pamba upande wa Dutwa, kijana mwenye aibu, na mnunuzi wake alimpa pikipiki ya Kijapani iliyotumika, shokapu za nyuma zimekufa, zinavuja. Nikamuuliza anabeba nini. Hapo walau nusu ya msemo wa Patrisi niliikumbuka. Masunga akatazama chini, akasema anabeba magunia. Nikauliza magunia ya nini. Akasema magunia tu. Akaongeza kwamba anataka shokapu ngumu kuliko zote nilizonazo, kwa sababu hayo magunia hayatakiwi kucheza wala kusogea mbele hata kidogo.

Kwangu lilikuwa jambo rahisi. Nilishusha zile nyekundu kutoka mlangoni kwa heshima zote. Nilitoa moja, nikafunga moja, nikapaka grisi kwenye bushi, nikakaza nati, nikapima mnyororo. Springi zina pete ya chini yenye ngazi za kuongeza ugumu, mimi nikaipandisha mpaka ngazi ya mwisho. Masunga alipokaa, pikipiki haikushuka hata unene wa kucha. Nilipiga siti kwa kiganja, kiganja kikaniuma, nikafurahi. Nilimwambia kwamba hata akibeba kanisa halitasogea.

Siku chache baadaye alikuja mwanamke mjamzito, mimba kubwa, amepanda basi la Dutwa katika hali ile. Hakunisalimu. Kwetu mtu hata akija kukushtaki anakusalimu kwanza, tena kwa kirefu, anaulizia na ng'ombe, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Wewe ndiye uliyefunga shokapu za mume wangu, Masunga?" akauliza.

Nikasema ndimi, kwa majivuno kidogo.

"Basi umemrusha mama yangu."

Nilimpa kiti na maji, akanieleza. Jina lake lilikuwa Kabula. Mama yake, Mayu Holo, alikuwa na jicho moja tu lililokuwa likiona, na hilo moja limetoka kidonda. Daktari wa hapa Bariadi alikuwa akilisafisha na kulifunga bandeji, akasema aletwe mara kwa mara bila kukosa mpaka kidonda kifunge, la sivyo litafuata lile la kwanza. Kaka zake Kabula wote walikuwa wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Kijijini kwao basi halifiki, na kutembea mpaka barabarani na macho yote gizani mama aliweza mara moja tu, akaanguka. Kabula mwenyewe hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki. Aliyebaki ni Masunga.

Sasa ninyi mnaopiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, wakikutana njiani mmoja anachepuka. Na hawa wawili walitakiwa kukaa siti moja. Walikuwa wametafuta njia. Kabula alishona mto mkubwa, akaujaza pamba, ukawekwa katikati ya siti. Mama akakaa nyuma ya mto, akashika kerea, kile chuma cha mizigo cha nyuma, kwa mikono miwili, na hivyo heshima ikabaki mahali pake. Lakini shokapu zilipokufa siti ikawa inadunda kwenye kila shimo, mto ukaanza kusogea mbele. Ndiyo maana Masunga alikuja kwangu kutafuta kitu kisichocheza. Na kumtaja mama mkwe wake mbele yangu, pamoja na uzito wake, ulimi ulikataa. Akasema magunia.

Kuhusu safari ile, Kabula alinisimulia bila kunionea huruma. Njia yao inapita mbele ya kituo cha pamba, kituo hicho hicho cha Masunga, na asubuhi ile watu walikuwa wamepanga foleni na mizigo yao. Kabla ya kituo pana korongo dogo. Pikipiki ilipotoka korongoni, shokapu zangu nyekundu zilifanya nilichoziomba zisifanye. Mto uliruka ukaangukia kwenye michongoma. Mayu Holo, ambaye hakuona korongo wala hakujua linakuja, alipaa, akashuka, akashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa kiuno cha mkwewe. Wakapita hivyo mbele ya foleni nzima, na Masunga hakuthubutu kusimama kwa kuwa kusimama kungerefusha mambo.

"Amekataa kwenda tena," Kabula akasema. "Siku ya kusafishwa imeshapita moja. Anasema afadhali awe kipofu kuliko kumshika tena mkwe wake mbele za watu."

Nilikuwa nimefurahia rangi ya springi, na mwanamke wa watu alikuwa anakaa gizani akisubiri jicho life. Nilisikia uchungu kweli. Nilikwenda kwenye debe la rangi, nikachomoa kijiti cha Fundi Patrisi, nikakikwangua mpaka mistari ikaonekana. Nilifunga zile shokapu za kijivu kwenye kerea ya baiskeli yangu na kufuli nikalipiga mlangoni.

Kwao Kabula nilifika jua limeshasimama, Kabula ameshatangulia kwa basi na kumwita Masunga aje na pikipiki. Nilisalimu kwa Kisukuma: mwadila, mayu, yaani habari za mchana, mama. Mayu Holo alikuwa amekaa kivulini kwenye ngozi ya ng'ombe, mama mnene, mkubwa wa mwili na wa sauti, bandeji jichoni. Alinijibu vizuri, akauliza mimi ni nani. Kabula akamwambia ni fundi. Mama akauliza kama ni yule wa korongo. Nikasema ndimi. Majirani wawili waliokuwa wakipepeta mtama wakaweka ungo chini, wakageuza viti wapate kuona vizuri.

Tatizo lilikuwa hili. Ili nipime nilihitaji wote wawili wakae kwenye pikipiki imesimama, pale uani, mchana kweupe, huku mimi nimepiga magoti nyuma ya mama mkwe wa watu na kijiti. Nilipoanza kulieleza wazo hilo nilisikia mwenyewe linavyosikika, nikaliacha katikati. Masunga alikuwa ameshakwenda zake kwenye zizi, ametugeuzia mgongo, anatazama ndama kwa bidii ambayo ndama hao hawakuistahili.

Nikafikiri nikae mimi mahali pake. Mimi, kama mnavyojua, nikisimama kando ya spoku za gurudumu nachanganywa nazo. Tena nikikaa mbele, nani atapima nyuma? Jirani mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mjinga, kwamba ndani kuna gunia la mahindi. Masunga, kwa kazi yake ya mizani, alijua uzito wake mwenyewe vizuri, akautamka huko huko zizini bila kugeuka. Tukapunguza mahindi mpaka gunia likawa Masunga. Tukalifunga kwenye siti ya mbele, tukaliegemeza kwenye usukani. Majirani wakasema leo mkwe amependeza, tena ametulia kuliko siku zote.

Kabula na jirani wakampandisha mama. Nilipiga magoti, nikaweka kijiti kwenye ekseli. Zile nyekundu hazikushuka hata kwa gunia na Mayu Holo kwa pamoja. Ugumu wake ulikuwa wa kubebea marobota. Tena nilipokandamiza siti kwa nguvu na kuachia, ilirudi kwa ghafla ikanipiga kidevuni. Bomba la katikati, ambalo lingetakiwa kuwa na mafuta ya kuituliza springi, lilikuwa kavu karibu lote. Nilikuwa nimetundika mlangoni kwangu manati.

"Hizo za kwanza ulizipendea nini, mwanangu?" Mayu Holo akauliza, akiwa bado ameketi juu pale.

"Zilikuwa nyekundu, mayu."

Alicheka mpaka ikabidi Kabula amshike asianguke. Akasema yeye aliolewa hivyo hivyo, na mume alikuwa mzuri wa kutazama vile vile.

Walimshusha, nikaanza kazi. Nilisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, nikatoa moja nikafunga moja. Kwanza nilipima za kijivu kutoka tundu mpaka tundu, kwa sababu shokapu ikiwa fupi, siti inalala nyuma na mkono wa gurudumu unakaa vibaya, na ikiwa ndefu, pikipiki inainama mbele na mto ungeanza safari tena. Zilikuwa sawa. Tundu la bolti la juu lilikuwa pana kuliko bolti, nikachonga bushi kutoka kwenye kandambili iliyokatika, nikijua ni ya muda mpaka nipate ya kweli. Kumbe kisu cha zamani kilikuwa bado na kazi. Nilihakikisha springi haigusi mnyororo upande mmoja wala ekzosi upande wa pili. Ngazi za ugumu niliziacha chini kabisa, tukampandisha mama tena na gunia lake, ikashuka kupita mstari. Nikapandisha ngazi moja kushoto na moja kulia. Nikapima. Ikakaa juu ya mstari wa Fundi Patrisi kama imechongewa hapo. Nilikandamiza na kuachia, ikarudi taratibu, inafikiri.

Mama akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia kweli kwamba mara ya kwanza nilikuwa na hakika zaidi. Nadhani ndicho kilichomfanya akubali. Alisema atakwenda kesho yake, ila mto ufungwe kamba.

Kesho yake sikugusa kazi yoyote. Nilisimama mlangoni nikitazama barabara ya Dutwa, wateja wakiniuliza kama kuna msafara wa kiongozi. Walipotokea niliangalia kitu kimoja tu. Mto ulikuwa mahali pake, umenyooka, na nyuma yake Mayu Holo ameshika kerea, kichwa juu. Masunga hakusimama, alinipungia kidole kimoja bila kuachia usukani. Niliingia ndani nikajipangusa macho kwa kitambaa chenye grisi, jambo ambalo siwashauri.

Wakaja hivyo msimu wote. Kabula alijifungua mtoto wa kike. Bushi za kandambili nilizibadilisha kwa za kweli. Zile nyekundu nilizitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na mlangoni nikatundika kijiti, ambacho kila mteja aliniuliza ni dawa ya nini. Jambo moja lilinikaa rohoni, nalo ni lile jicho. Ile siku aliyokosa kwa sababu yangu ilikuwa inaniamsha. Sikuthubutu kuuliza, na Masunga hakuwa mtu wa kuhadithia.

Halafu mchana mmoja, mvua za kwanza zimeshaanza, nikasikia pikipiki ile ikitokea upande wa hospitali. Niliinua macho. Mto haukuwa katikati. Ulikuwa umefungwa nyuma kwenye kerea kama kuku wa sokoni, na Mayu Holo alikuwa amemshika Masunga kiunoni kwa mikono yote miwili, mbele ya stendi nzima ya mabasi. Masunga alikuwa amekaza shingo, anatazama mbele kama askari kwenye gwaride. Nilijua shokapu zimekufa. Nilichukua spana nikatoka mbio, nikapiga magoti nyuma ya gurudumu kabla pikipiki haijasimama vizuri.

"Acha, fundi," Masunga akasema. "Shokapu ni nzima."

Niliinua uso. Bandeji haikuwepo. Jicho lilikuwa jekundu bado, lina maji, lakini lilikuwa linanitazama mimi, tena lilinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kumbe ndiye huyu," Mayu Holo akasema. "Nilidhani ni mtu mkubwa."

Nilimuuliza, nikiwa bado nimepiga magoti, basi mbona amemshika hivi, na shokapu ni nzima, na jicho linaona.

"Nilipokuwa sioni nilikaa kwa heshima," akasema. "Leo nimeona anavyoendesha."

Mikono hakuitoa. Alimwambia Masunga afungue mto anipe, kwa kuwa wao hawauhitaji tena, na mimi nilionekana mtu wa kukaa sana. Wakaondoka kuelekea Dutwa, na nilisimama nikawatazama mpaka walipokata kona, mikono ya mama ikiwa pale pale.

Mto ule ndio mliokuwa mnauona kwenye kiti changu miaka yote, mkidhani ni wa mgongo. Spana zote nimewaachia, na kijiti kiko mlangoni, msikorogee rangi. Mto nimeondoka nao.